Bastola ya Dada Yangu

Mimi ni kinyozi, na polisi wengi wa mji wetu wamepita chini ya mashine yangu. Kichwa cha mtu ukikishika mara kwa mara unaujua uzito wake. Vya hawa ni vyepesi. Sisemi kwa chuki, nasema kwa uzoefu, na yaliyompata dada yangu yalinithibitishia tu jambo ambalo mikono yangu ilikuwa inalijua zamani.

Dada ni mfamasia. Ana duka la dawa la jumla nyuma ya stendi, analiendesha na mume wake. Wezi waliwaingilia wakati wa kufunga, wakampiga shemeji yangu nondo ya bega, na hadi leo hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa. Tulipowaita polisi walifika wezi wakiwa wameshaoga na kula. Mmoja aliandika maelezo herufi moja moja kama mtu anayechonga jiwe. Mwenzake aliomba dawa ya kikohozi, akapewa, akaenda nayo. Hakuna aliyekamatwa. Mtu pekee tuliyemwona kwa macho yetu akitoka na mali ya duka ni huyo wa kikohozi.

Ndipo Dada akaomba kibali cha kumiliki bastola. Polisi walimchambua kama mchele. Walichukua alama za vidole, wakawauliza majirani kama huwa anagombana na mume wake, wakamtaka daktari athibitishe kwamba ana akili timamu. Kisha wakampeleka kwenye mafunzo ya kulenga shabaha, chini ya mwanajeshi mstaafu aliyekuwa hasemi sana. Huyo ndiye aliyemwambia jambo moja akalishika kama sala: siku ukisimamishwa na polisi, weka mikono panapoonekana, sema mapema kwamba una silaha na iko wapi, halafu usiguse kitu mpaka wakuambie. Kibali kilipotoka kilikuwa na muhuri wa polisi wenyewe. Wao ndio walioamua kwamba dada yangu ni mtu wa kuaminiwa na bastola. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu wao walilisahau.

Siku yenyewe tulikuwa tunamrudisha Mama kutoka hospitali ya macho. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefunikwa pamba na plasta, na kwa kuwa ameambiwa asiiname wala asikasirike, alikuwa amekasirika. Dada alikuwa anaendesha, mimi nimekaa kando yake, Mama kiti cha nyuma analalamikia mashimo ya barabara kana kwamba mimi ndiye niliyeyachimba. Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua limeshachomoza vizuri. Baada ya daraja tukakuta kizuizi, gari la doria limeegeshwa upande, polisi watatu.

Aliyetujia ni kijana mwenye miwani ya jua, ambayo baadaye tuligundua kwamba haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Kwetu akawa Miwani. Nyuma yake alisimama Sajini, mtu mzima mwenye tumbo lililotangulia cheo chake. Wa tatu alikuwa anakula muwa na hakujishughulisha.

Dada alishusha kioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Habari za kazi, afande. Kabla sijatoa leseni, nakujulisha kwamba nina bastola. Ninayo kihalali, kibali kiko kwenye mkoba. Bastola yenyewe iko kiunoni, upande wa kulia. Niambie nifanye nini."

Mwalimu yeyote angempa alama zote. Tatizo ni kwamba Miwani alisikia neno moja tu katika yote hayo. Alirudi nyuma akajikwaa, akainua bunduki yake, akaanza kupiga kelele kama mtu aliyekanyaga moto.

"Ana bastola. Huyu ana bastola. Mikono juu."

Dada akainua mikono.

"Fungua mlango."

"Nikifungua mlango mkono utashuka, afande. Nifanye lipi?"

"Usinijibu. Toa kitambulisho."

"Kitambulisho kiko kwenye mkoba, na mkoba uko karibu na bastola. Mkitaka, ndugu yangu atautoa."

"Hakuna mtu kugusa kitu. Toa kitambulisho."

Mdomo wa bunduki ulikuwa unamwelekea Dada, kisha mimi, kisha Dada, unacheza kama mkia wa mbwa, na kidole cha Miwani kilikuwa palepale pasipotakiwa. Nilichoogopa si ukatili wake. Mtu mkatili angalau anajua anachokitaka. Niliogopa kwamba atatuua kwa kuchanganyikiwa, halafu atashangaa.

"Nani anapiga kelele?" Mama akauliza kutoka nyuma.

"Polisi, Mama. Tulia."

"Wamepoteza nini?"

Hatimaye Sajini akaja, akafungua mlango mwenyewe, wakamvuta Dada nje, wakamlaza kifudifudi juu ya lami. Gauni lake jeupe la kazini likapata doa la oili ambalo halijatoka hata leo. Wakamfunga pingu mikono ikiwa nyuma. Mimi niliamriwa nipige magoti kando ya gurudumu. Mama alifungua mlango wake na kusimama, mtandio kichwani, jicho moja plasta, jicho moja likimtazama Miwani toka viatuni mpaka kofiani.

"Wewe mtoto," alisema, "huyo unayemlaza chini ndiye aliyekutangulia kusema. Mwenye nia mbaya anakutangulia kwa salamu?"

"Bibi, rudi ndani ya gari."

"Nimekatazwa kuinama. Nisaidie wewe basi, kama una adabu."

Hakumsaidia. Alimwinamia Dada, akaichomoa bastola kutoka kwenye ala yake kiunoni, na hapo uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu aliyeokota ushindi. Akaiinua juu, akamwonyesha yule wa muwa. Kisha akataka kutuonyesha kwamba anaijua kazi. Akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akaitia mfukoni, akaanza kuigeuzageuza bastola karibu na uso wake.

Dada, shavu likiwa juu ya lami, alisema kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mgonjwa jinsi ya kunywa dawa: "Afande, kuna risasi moja imebaki ndani ya bastola yenyewe, kwenye chemba. Kutoa magazini hakuitoi. Usiguse triga. Iweke tu chini."

"Nyamaza. Hunifundishi kazi."

"Sikufundishi, nakuomba."

"Nimesema nyamaza. Iko tupu hii."

Na ili kumthibitishia kwamba iko tupu, akaielekeza pembeni, akavuta triga.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Miwani aliitupa bastola kama kiazi cha moto. Yule wa muwa akaruka mtaroni. Sajini alibaki amesimama, akitazama paja lake kwa udadisi, kama mtu anayeona kiraka kipya kwenye suruali yake, halafu akakaa chini polepole na damu ikaanza kutoka. Si damu ya kuchirizika. Ilikuwa inaruka kwa kufuata moyo.

Sasa sikiliza walichofanya hao walinzi wa raia. Miwani alishika kichwa na kuzunguka gari la doria. Yule wa mtaroni alitoa kichwa akauliza, "Nani amepiga?" Miwani akamjibu, "Sijui." Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Bastola aliyoitupa iko pale chini, moshi haujaisha, na anasema hajui.

"Nifungueni," Dada akasema. "Huyo mshipa wake mkubwa wa damu umepasuka. Mkiendelea hivyo atakufa mbele yenu."

Miwani akasema hawezi kumfungua mtuhumiwa.

"Mfungue," Sajini akasema kutoka chini. Midomo yake ilikuwa imeshakuwa myeupe. "Mfungue, mpumbavu wewe."

Ilikuwa amri yake ya kwanza ya maana siku hiyo. Funguo zilitafutwa mifuko yote, zikaanguka, zikaokotwa. Dada alipofunguliwa hakujipangusa hata uso. Mama alikuwa ameshavua mtandio wake na kumkabidhi. Dada aliufunga juu ya jeraha, akaniambia nilete bisibisi kutoka kwenye gari letu, akaipitisha kwenye fundo na kuizungusha mpaka Sajini akalia kama mtoto mchanga na damu ikasimama.

"Dada, nitakufa?" Sajini akauliza, amemshika mkono wa gauni.

"Ukiacha kuongea, hutakufa."

Walimpakia kwenye gari la doria, yule wa muwa akaondoka naye. Dada alisimama pembeni ya barabara, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Na Miwani, ambaye sasa alikuwa amepata pumzi, alimwendea kwa nyuma akamfunga pingu tena.

Nimejaribu kulielewa tendo hilo, nikaacha. Kuna mambo ambayo ukiyaelewa unapungukiwa wewe mwenyewe.

Akaniamuru niendeshe gari letu mpaka kituoni, na huko tulimkuta Mkuu wa kituo. Huyu alikuwa mteja wangu, mtu wa kunyolewa kila Ijumaa na kupakwa manukato shingoni, na alipenda kuniita "kinyozi wangu" mbele za watu. Aliniita pembeni, akafunga mlango wa ofisi yake na kuongea kwa upole kama tunapanga harusi.

"Kinyozi wangu, haya ni mambo madogo. Dada yako aandike kwamba alipokuwa anakabidhi silaha, ilimponyoka ikafyatuka. Bahati mbaya. Hakimu atamwonya, atarudi kwenye duka lake. Yule kijana wangu ana maisha mbele yake."

"Na dada yangu yake yako nyuma?"

"Usinielewe vibaya."

Nilipeleka ujumbe. Dada alikuwa kwenye benchi, pingu zimefungwa kwenye chuma cha ukutani, damu ya Sajini imekauka kwenye kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie," alisema, "mimi nimesoma miaka mingi ili watu waamini ninachoandika kwenye chupa. Siwezi kuandika uongo ili kumfichia mtu ujinga wake. Ujinga ni wake, aubebe."

Basi akalala mahabusu. Shemeji alikaa nje ya kituo mpaka wakamfukuza. Siku ya pili ndipo dhamana ikakubaliwa, na mashtaka yakasomwa: kufyatua silaha bila sababu na kumjeruhi askari akiwa kazini. Maelezo ya Miwani yalisema mshtakiwa alichomoa bastola kiunoni kwa ghafla na kupiga. Yalisema pia kwamba Miwani, kwa ushujaa, alimdhibiti. Wakili wetu aliposoma neno hilo, ushujaa, alivua miwani yake akaifuta.

Mkuu wa kituo alikuja kwangu Ijumaa kama kawaida. Alikaa kwenye kiti, akainamisha kichwa, akasubiri shuka.

"Mzee, leo siwezi," nikamwambia.

"Kwa nini? Umeme hakuna?"

"Umeme upo. Lakini nina wembe mkononi na wewe ni polisi. Nimeshakwambia kwamba ninao, hivyo naogopa nitalazwa chini."

Aliinuka akatoka. Tangu hapo ananyolewa kwingine, na wanamnyoa vibaya. Nafurahi kila nikimwona kisogo.

Kesi ilisikilizwa katika chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Miwani alitoa ushahidi akiwa na miwani yake, mpaka hakimu alipomwambia aivue, na bila miwani alikuwa na macho ya mtu anayetafuta mlango. Hata hivyo alikuwa amekariri vizuri. Alichomoa, akapiga, nikamdhibiti. Alirudia maneno hayo kwa mpangilio uleule kila alipoulizwa, na wakili wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akamwacha aende zake.

Kisha akaitwa Sajini. Aliingia kwa gongo, amepungua, tumbo limerudi nyuma. Hakutuangalia. Alipoongozwa na mwendesha mashtaka alisema yaleyale: mama huyu alichomoa bastola, akapiga, nikaumia. Mama yangu, ambaye sasa alikuwa na macho mawili yanayoona vizuri, alimkazia yote mawili.

Wakili wetu akasimama.

"Pole na mguu, Sajini. Daktari alisema nini kuhusu kupona kwako?"

"Alisema nilifungwa jeraha mapema. La sivyo ningekufa njiani."

"Nani alikufunga?"

Sajini akahamisha gongo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Mshtakiwa."

"Alikuja mwenyewe akakufunga?"

"Hapana. Alikuwa hawezi. Nilisema afunguliwe."

"Afunguliwe nini?"

"Pingu."

Kalamu ya hakimu ikasimama. Mwendesha mashtaka alikohoa, akakohoa tena, lakini Sajini alikuwa anatazama sakafu.

"Alifungwa pingu lini?"

"Alipolazwa chini."

"Kabla ya mlio au baada ya mlio?"

Sajini alilishika gongo kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Kabla."

"Rudia," hakimu akasema.

"Kabla ya mlio, mheshimiwa."

"Mikono ikiwa wapi?"

"Nyuma."

Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka. Hakuwa mtu wa mzaha, ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Amelala kifudifudi, mikono imefungwa mgongoni, anachomoa bastola na kumpiga mtu aliyesimama. Alitumia nini? Meno?"

Watu wakacheka. Miwani alikuwa ameketi benchi la mbele na hakucheka, ingawa nadhani alikuwa bado anajaribu kuona kosa liko wapi. Kesi ikafutwa kabla ya chakula cha mchana.

Nyumbani tulibishana kuhusu Sajini. Mama alisema dhamiri ilimshika. Mimi nilisema hana dhamiri, ni mjinga tu, aliulizwa maswali madogo madogo akajikuta ameufikia ukweli. Shemeji alisema labda ni vyote viwili. Dada alisema amechoka, akaenda kuoga.

Msidhani haki ilimwagika kama mvua. Dada alipokwenda kuchukua bastola yake waliambiwa, yeye na wakili, kwamba kibali kimesimamishwa kwa kuwa mwenye nacho "amehusika katika tukio la silaha". Alihusika kwa kulala chini. Miwani alipelekwa mafunzoni, na aliporudi alikuwa na tepe mpya ya cheo begani, kwa sababu kwao mtu aliyehudhuria mafunzo hupandishwa, hata kama alipelekwa kwa kuwa alimpiga mkubwa wake risasi. Mkuu wa kituo aliendelea kuwa mkuu. Dada hakuomba kibali tena. Aliweka milango ya chuma, na duka sasa linafungwa jua likiwa bado kali, wagonjwa wa jioni waende wanakojua.

Nilikuwa dukani siku Sajini alipokuja. Huwa nakwenda kumnyoa shemeji hukohuko, kwa sababu bega halimruhusu kukaa kwenye kiti changu. Sajini aliingia na mke wake, mwanamke mpole aliyeshika karatasi ya daktari. Walihitaji bandeji na dawa ya maumivu. Dada aliwahudumia kama wateja wengine. Alimweleza yule mke jinsi ya kuosha kidonda, mara ngapi, na dalili gani wakiziona wakimbie hospitali. Alimweleza mara mbili, kwa subira.

Mke alipokwenda kusubiri nje, Sajini akabaki ameegemea kaunta.

"Dada, nisamehe. Niliambiwa cha kusema."

"Najua."

"Nina familia."

"Hata mimi. Ilikuwa inanisubiri wakati nimelala kwenye sakafu yenu."

Sajini akafuta jasho. "Lakini mwisho nilisema ukweli."

"Uliulizwa," Dada akasema. "Ungeulizwa jambo jingine, ungejibu jambo jingine."

"Kwa hiyo hujanisamehe."

Dada aliweka dawa zake kwenye mfuko, akaukunja mdomo wa mfuko vizuri. "Sikuwekei kinyongo. Ukiletwa hapa leo unavuja damu nitakufunga tena. Lakini umekuja kutafuta zaidi ya hapo, unataka nikuone kuwa mtu mwema. Hilo siwezi kukupa. Meza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula."

Alichukua mfuko wake na kutoka, gongo likigonga sakafu. Mlangoni mke wake akamshika mkono, wakaenda.

Shemeji aliniuliza kwa sauti ya chini kama Dada hakuwa mkali mno. Nikamwambia ageuze kichwa, upande wa kushoto ulikuwa bado haujanyolewa.